Boriti ya chuma ikishika kutu, rangi ndiyo kazi ya mwisho

Shangazi yangu anakaa Rau, upande wa chini wa mji wa Moshi, kule ambako ukichimba shimo wakati wa masika unakutana na maji kabla hujaanza kutoka jasho. Nyumba yake ina baraza pana, na paa la baraza limebebwa na boriti moja ya chuma yenye umbo la herufi I. Ncha moja imeingia kwenye ukuta wa sebule, nyingine imekaa juu ya nguzo ya bomba. Marehemu mume wake aliweka chuma kwa hasira: boriti ya kwanza ilikuwa ya mbao, mchwa wakaila ndani wakabakiza ganda.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akanipigia simu. Ukutani, chini kidogo ya mahali boriti inapoingia, kulikuwa na michirizi ya kahawia kama mtu amemwagia chai. Katikati ya boriti kutu ilikuwa inabanduka vipande vinene vinavyodondoka kwenye viti. Fundi aliyepita kabla yangu alishatoa jibu: kopo la lita moja la redioksaidi, ile rangi nyekundu ya chuma, brashi, nusu siku. "Mangi, hii ni rangi tu," alimwambia kijana wake wakati wanapima.

"Baba, wewe unasemaje?" shangazi akaniuliza.

Nilimwomba asubiri. Si kwamba yule fundi hajui kupaka rangi, anajua. Ila alitazama kutu, hakutazama maji. Na kwenye suala hili maji ndiyo mwenye kesi.

Chuma hakioti kutu kwa sababu ya uzee. Kinahitaji maji na oksijeni, vyote viwili kwa pamoja. Ukikinyima kimoja, kinakaa. Shida ni kwamba kutu yenyewe haizibi njia. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba mgumu, na kazi inaishia hapo. Kutu ya chuma ni kama sifongo: ina vitundu, inanyonya maji, inayashikilia, na chuma kilicho chini yake kinaendelea kuliwa hata siku jua likiwaka. Tena inavimba. Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko mwanzo, na ndiyo maana lipu hupasuka na boriti iliyobanwa ukutani huweza kusukuma tofali.

Uvimbe huo unadanganya pande zote mbili. Kipande kinene kama biskuti kinatisha, kumbe kimetokana na chuma chembamba kuliko unavyodhani. Upande wa pili, mstari mdogo wa kahawia kwenye kona ya ukuta unaonekana si kitu, kumbe nyuma yake chuma kimebaki nusu.

Hewa ya Moshi si kali kwa chuma. Hatuna chumvi ya bahari kama Tanga au Dar es Salaam. Viwango vya kimataifa hupanga mazingira kwa madaraja, na kwenye daraja la wastani chuma kisicho na rangi hupoteza kati ya mikromita 25 na 50 katika mwaka wa kwanza, kisha kasi hupungua. Mikromita 1,000 ndiyo milimita moja. Piga hesabu: kwa hewa peke yake, milimita moja itachukua miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo ukikuta boriti ya miaka 15 imetoboka hapa kwetu, usilaumu hewa. Kuna mahali maji yanakaa.

Yanakaa wapi? Kwanza juu ya bawa la chini. Ile I ina bawa la juu, bawa la chini, na uti uliosimama katikati. Bawa la chini ni kisahani: vumbi linatua, majani yanatua, mvua inalowanisha, na tope lile linabaki bichi siku tatu baada ya wewe kusahau mvua. Pili, pale boriti inapoingia ukutani. Lipu ikipasuka hata kwa unene wa uzi, maji yanafuata chuma kwenda ndani na hayana njia ya kutoka. Tatu, mguu wa nguzo, hasa uliofukiwa kwenye udongo au uliozungushiwa zege lenye bonde katikati badala ya mgongo. Na kila penye vyuma viwili vilivyolaliana bila kuchomelewa mzunguko mzima, maji yanaingia na hayatoki.

Halafu kuna umande. Usiku mbingu ikiwa wazi, chuma kinapoa haraka kuliko hewa inayokizunguka, na alfajiri kinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Wanaoishi Kibosho, Uru au Machame wanajua ukungu wa mlimani unavyolowanisha kila kitu bila tone la mvua. Na kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, kuna jambo jingine: banda la ng'ombe likiegemea nyumba, mkojo na samadi hutoa amonia na chumvi, na chuma cha jirani hapo hakiishi maisha ya chuma cha mjini. Mgomba uliopandwa ukigusa nguzo nao huifunika isikauke. Sogeza mgomba. Ng'ombe najua ni kesi ngumu zaidi.

Kwa shangazi, maji yalitoka kwenye gata. Kiungo cha gata kilikuwa kimeachia juu kabisa ya mahali boriti inapoingia ukutani, na kwa miaka sijui mingapi tone lilikuwa likianguka palepale. Nilipanda ngazi na kioo kidogo cha shangazi, kile anachojitazamia akifunga kilemba, nikakiingiza juu ya boriti kuona upande ambao hakuna jicho linalofika. Tope, majani ya mwarobaini, na kiota cha nyigu kilichohamwa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Vifaa ni nyundo, tindo, brashi ya waya na kalipa, kile kipimo cha unene, ambacho unaweza kuazima kwa fundi wa karakana. Gonga boriti kwa nyundo ndogo ukisogea hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia ngi! na sauti hukaa. Penye kutu nene sauti ni bubu, kama unagonga kadibodi. Hapo bandua kutu yote mpaka uone chuma cha kijivu, kisha pima unene, na ulinganishe na sehemu ya boriti hiyohiyo ambayo haijaguswa.

Chukua mfano wa I yenye kimo cha milimita 160, aina ya Ulaya. Mabawa yake yana unene wa milimita 7.4, uti wake milimita 5 tu. Katikati ya boriti kazi kubwa ni kupinda, na wanaoibeba ni mabawa. Karibu na ukuta kazi kubwa ni kukatwa, na anayeibeba ni uti. Sasa ona ubaya wake: maji hukaa ukutani, na ukutani ndipo anayebeba ni yule mwembamba. Milimita moja ikiliwa kila upande wa uti, umebaki na 3 kati ya 5. Hiyo ni asilimia 40 imekwenda, na kutoka sebuleni hakuna kinachoonekana zaidi ya doa la chai.

Kwetu Rau vipande vinene vya katikati vilipobanduliwa, bawa lilisoma milimita 7. Karibu zima. Tulipochimba lipu ukutani, uti ulisoma 3.8. Yule fundi wa kwanza angepaka vizuri kabisa pale ambapo hapakuwa na ugonjwa.

Hapo niliacha kujifanya mtaalamu. Boriti ikiwa imepoteza sehemu ya kumi ya unene wake au zaidi mahali popote, au ina tundu, au imelegea katikati, au ukuta juu yake umepasuka, suala si la rangi tena. Weka mirunda chini yake, imara, juu ya mbao pana ili isizame kwenye udongo, halafu mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Gharama ya ziara moja haifiki thamani ya mguu wa mtu. Mhandisi wetu alihesabu, akasema paa la mabati ni jepesi na boriti ingeweza kuvumilia, lakini akataka vipande vya chuma vya milimita 6 vichomelewe pande zote mbili za uti, vikipita mbali na sehemu iliyoliwa, na kuchomelewa mzunguko mzima ili maji yasiingie nyuma ya kiraka.

Kuchomelea boriti ambayo bado imebeba mzigo si mchezo. Chuma kikifika nyuzi 600 za selsiasi hubaki na nguvu chini ya nusu, na mahali pa moto wa kuchomelea joto hupita hapo kwa mbali. Mirunda kwanza, moto baadaye. Na kama nyumba yako ni ya zamani, angalia umbo la boriti yenyewe. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na vipande vya reli vilivyostaafu vimeishia kubeba nyumba za watu. Chuma cha reli kina kaboni nyingi, ni kigumu, na kukichomelea kienyeji hukiachia nyufa zisizoonekana. Ukikuta kichwa cha reli kimechungulia kwenye lipu, usiruhusu welda akiguse bila mhandisi kusema neno.

Sasa usafi, ambako ndiko kazi inakoharibikia. Kuna viwango vilivyoanzia Uswidi na sasa vinatumika duniani kote. Kupuliza mchanga kwa mgandamizo ndiko kusafisha bora, ila kwenye nyumba yenye watu ndani hakufai, na vumbi la mchanga mkavu huharibu mapafu moja kwa moja. Kinachobaki ni mkono na grainda, na kiwango cha juu kinachofikika kwa njia hiyo ni kuona chuma king'ae kwa rangi yake kila mahali, bila ganda wala vumbi.

Anza na mafuta kabla ya brashi. Ukipiga brashi juu ya moshi wa jikoni na grisi, unaisambaza tu. Sabuni na maji safi, suuza, kausha. Kisha tindo kwa maganda, kisha brashi ya waya au grainda, kisha msasa. Na kuwa macho na brashi ya waya ya grainda: inaweza kuisugua kutu mpaka ikang'aa kama chuma, na wewe ukashuka ngazi ukiwa na furaha ya bure. Kwaruza kwa ncha ya kisu. Kikitoka kitu cha kahawia, bado.

Vaa miwani na barakoa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na risasi ikigeuka vumbi haina mzaha kwa watoto. Rangi ukiishuku, ilowanishe na usugue kwa msasa wa maji badala ya kuipiga grainda kavu. Tandika turubai chini, kusanya mabaki yote, na kuku wasifike.

Kuhusu dawa za kugeuza kutu, watu wanaziamini kupita kiasi au kuzidharau kupita kiasi. Nyingi zina asidi ya fosforasi au tanini. Tanini huungana na kutu ikawa kitu cheusi kigumu kisichoendelea kuoza. Unaweza kuliona mwenyewe jikoni: weka msumari wenye kutu kwenye kikombe cha chai ya rangi uache usiku kucha, asubuhi chai imekuwa nyeusi kama wino. Ndiyo tanini ileile inayopatikana kwenye magome ya miwati kule Njombe, inayotumika kutengeneza ngozi za viatu. Inafanya kazi, lakini juu ya kutu nyembamba iliyoshikamana, ile iliyobaki kwenye vishimo ambavyo brashi haikuvifikia. Ukiimwaga juu ya ganda nene, itageuza uso tu na chini yake kutu inaendelea na biashara yake. Na juu ya chuma kilichong'arishwa haina cha kugeuza. Zile za asidi zifuate maelekezo ya kopo kwa herufi, kwa sababu asidi iliyobaki chini ya rangi ni adui mpya uliyemlipia.

Oili chafu ni hadithi nyingine. Mtu anaipaka kwenye nguzo za mbao kuzuia mchwa, akaona aipake na kwenye chuma. Inafukuza maji kwa msimu mmoja, inakusanya vumbi, na siku utakapotaka kupaka rangi halisi hakuna kitakachoshika. Na kufunika boriti yenye kutu kwa lipu? Hapa watu wananiuliza mbona nondo ndani ya zege hazioti kutu. Ni kweli, saruji mbichi ina ualkali mkali unaokinga chuma. Lakini lipu nyembamba hupoteza ualkali huo kadiri hewa inavyoipenya, na ikipasuka mara moja inageuka blanketi bichi. Lipu ya jasi ndiyo usiiweke kabisa, haina ualkali huo tangu mwanzo.

Chuma kikishasafishwa, saa zinahesabika. Kinaanza kupata wekundu mpya siku hiyohiyo, kwa hiyo praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, iingie siku hiyohiyo. Kwetu hilo lina ratiba yake: asubuhi chuma kina jasho, subiri. Wenye kuandika masharti ya rangi hutaka uso wa chuma uwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutokea. Kwa lugha ya Moshi, paka kuanzia saa nne asubuhi, acha saa tisa alasiri, na fanya kazi Januari au Februari kabla masika hayajagonga hodi. Juni na Julai, mji ukijifunika mawingu na baridi, rangi inakaa mbichi mpaka mbu wanaacha nyayo.

Redioksaidi basi. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani ni ndugu wa kutu aliyetulia. Wekundu huo haukingi kwa kemia, unajaza rangi na kuzuia jua. Kinachopigana na kutu ni zinki fosfeti, kwa hiyo soma kopo uone kama imo. Makopo mawili yanaweza kufanana wekundu na yasifanane kazi hata kidogo. Praima yenye zinki nyingi ni nzuri mno, ila zinki lazima iguse chuma kitupu ili ijitoe mhanga badala yake. Juu ya mabaki ya kutu ni hela iliyotupwa. Na epoksi, rangi ngumu inayochanganywa kutoka makopo mawili, usiipake juu ya rangi ya mafuta ya zamani bila kujaribu kona moja, kwa sababu inaweza kuinyanyua ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Unene ndio unaoibiwa kuliko vyote. Rangi ambayo nusu yake ni maada ngumu na nusu ni tina, lita moja ikisambazwa mita za mraba 10, hukauka na unene wa mikromita 50. Ukiitandaza mita 20, umepata 25. Sasa bari ya mita 6 ya ile I ya 160 ina uso wa karibu mita za mraba 3.7. Mikono minne ya rangi, yaani tabaka nne za mikromita 50, mbili za praima na mbili za juu, inahitaji lita moja na nusu, na ukiongeza inayobaki kwenye brashi na kwenye suruali ya fundi, lita mbili. Lile kopo moja la yule fundi wa kwanza lingetosha nusu ya kazi, na kama angeongeza tina ili liteleze, hata hapo asingefika.

Ncha kali za mabawa zinahitaji huruma ya pekee. Rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali, inabaki nyembamba palepale maji yanapoanza. Vunja ncha kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzika, halafu kabla ya kila mkono mzima paka kwanza ncha, mishono na vichwa vya bolti peke yake kwa brashi ndogo. Mafundi wanacheka. Waache wacheke, lakini wapake.

Pale ukutani hatukurudisha lipu mpaka kwenye chuma. Tuliacha mwanya wa kidole tukaujaza kizibo kinachonyumbulika cha nje, kwa sababu chuma hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na lipu ngumu ingepasuka tena ndani ya mwaka.

Gata lilifungwa wiki moja kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa, na nilikaa barazani mvua moja ya mwisho wa Januari nikitazama kiungo kama mtu anayesubiri basi. Hakikudondosha. Masika yalipokwisha nilirudi, nikaomba kile kioo. Juu ya bawa la chini kulikuwa na majani mapya ya mwarobaini, makavu. Niliyafagia kwa mkono. Shangazi akasema nikimaliza nirudishe kioo mahali pake, kwa sababu mara ya kwanza nilikirudisha na tope.